Vijana, Mwalimu, na Shimo la Nungunungu



Mara nyingi wazazi wa hapa Kirumba hutujia baada ya Misa ya Jumapili wakituletea mashaka yao juu ya vijana. Husema, "Mwalimu, mwanangu amebatizwa, amepata Kipaimara, sala zote anazijua, lakini nyumbani hamsikii mtu, na akikosa hakubali kwamba amekosa." Zamani tulikuwa na jibu moja tu: mleteni kwenye mafundisho. Siku hizi hatujibu upesi namna ile. Sababu yake ndiyo tutakayoisimulia leo, ingawa si habari ya kutuletea sifa.

Aijuaye Kirumba azijua kazi za vijana wake. Kabla jua halijachomoza wako Mwaloni, wakibeba magunia ya dagaa hata kwenye magari. Wengine wametoka ziwani baada ya kukesha na taa zao. Wengine huendesha pikipiki za abiria. Pale mtu hupimwa kwa uzito wa gunia lake na kwa ukali wa ulimi wake. Kijana aliyejilisha mwenyewe tangu umri wa miaka 15 atautazamaje unyenyekevu? Ataona kwamba ni udhaifu wa mtu asiyeweza kubeba. Nasi twasimama mbele yake na chaki mkononi, twaandika ubaoni neno UNYENYEKEVU, twampa maana yake, naye hulinakili kwa mwandiko mzuri sana.

Babu zetu Wasukuma walikuwa na njia nyingine. Walikuwa na vyama vya kazi na vya kuwinda, na kijana aliingia humo kama mtoto aingiavyo shule. Bayeye walikuwa wakamata nyoka, tena waganga wa sumu yao. Banunguli walikuwa wawindaji wa nungunungu, mnyama aharibuye mashamba ya mihogo, viazi na karanga. Vyama hivyo vilikuwa na wakuu wao, nyimbo zao na ngoma zao, na habari zao zimehifadhiwa katika makumbusho ya Bujora, karibu na Kisesa. Makumbusho yale yatokana na kazi ya Padre David Clement, Mkanada wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, aliyeona tangu miaka ya 1950 kwamba ngoma ya Msukuma yaweza kumsifu Mungu pia. Ndiyo maana sikukuu ya Ekaristi Takatifu kule Bujora hufuatana na mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo. Hatusemi kwamba mambo yote ya vyama vile yalikuwa mema. Palikuwa na dawa na maagano ya siri ambayo Mkristo hawezi kuyashiriki. Lakini mtu akikuta boriti nzima katika nyumba iliyobomoka, haichomi moto kwa sababu ukuta ulikuwa mbovu.

Sasa habari yenyewe. Miaka michache iliyopita, mzee mmoja Mkristo wa kijiji cha upande wa Kisesa, mnunguli tangu ujana wake, alituletea habari kwamba nungunungu wanamaliza mihogo ya mjane jirani yake. Kijiji kilikuwa kimempelekea taarifa afisa wa wanyamapori, ambaye wazee bado humwita Bwana Nyama, na kibali kilikuwa kimetolewa. Twalitaja jambo hili makusudi, kwa kuwa Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kuwinda bila kibali, wala hatupendi mwalimu ye yote asome habari hii kisha awaongoze vijana wake kuvunja sheria. Mzee akasema, "Niletee vijana wako sita, Mwalimu. Mikono yangu imechoka, ila masikio bado."

Tukaenda nao siku ya Ijumaa. Kati ya wale sita tuwataje wawili. Wa kwanza alikuwa msomaji wetu wa Misa, mwepesi wa kujibu maswali, nasi twakiri kwamba tulimpenda kupita wenzake. Wa pili alikuwa mchukuzi wa Mwaloni, mtulivu, asiyejua kusoma vizuri. Katika mafundisho alikaa nyuma karibu na mlango.

Mzee hakuwapa silaha. Aliwatembeza kwanza shamba zima wakitazama chini. Wakaona mihogo iliyochimbuliwa, miiba iliyoanguka njiani, na mbele ya shimo mifupa iliyogugunwa, maana nungunungu huguguna mifupa. Akamwuliza kila mmoja ameona nini. Msomaji wetu alijibu mambo mengi. Mchukuzi alisema, "Babu, mimi sijui, ila hapa majani yamelala, na pale yamesimama." Mzee akacheka, akamshika bega.

Akawafundisha kwamba nungunungu harushi miiba yake kama watu wasemavyo, bali humgeuzia adui mgongo na kumwendea kinyumenyume. Tena haishi peke yake: dume na jike hukaa pamoja shimoni na watoto wao, na baba huwaangalia watoto kama mama. (Hapo sisi tulidhani tumepata mfano mzuri wa mafundisho ya ndoa, tukaanza kuufafanua, mzee akatunyamazisha kwa kidole, kwa kuwa mnyama alikuwa akisikia.)

Tulipokaa kungoja giza akasimulia ujana wake. Mwaka wa kwanza alichukua kuni na maji tu. Baadaye akapewa kazi ya kuziba matundu. Hata alipokomaa ndipo alipoingia shimoni. "Aingiaye shimoni," alisema, "huingia kwa tumbo, kichwa mbele, na kofia yake huiacha nje. Nyuma yake yuko mwenzake amshikaye miguu ili amvute. Usipomwamini ashikaye miguu yako, usiingie." Vijana walisikiliza kwa utulivu ambao sisi hatujawahi kuupata darasani hata siku moja.

Shimo lile lilikuwa na milango miwili. Mzee alitaka kukaa kwenye mlango mkubwa pamoja na vijana wanne, na kwenye mlango mdogo, kando ya kichuguu, mchukuzi awe mkubwa wa zamu na kulishika gogo lililouziba. Sisi tukasema kwamba afadhali ashike msomaji, kwa kuwa ndiye mwenye akili na wenzake humfuata. Mzee akajibu, "Huyu hajanyamaza tangu mlipofika." Tukamwambia maneno ambayo leo yatuona haya kuyaandika, kwamba vijana hawa twawajua, tumewafundisha miaka 2. Mzee hakushindana na mgeni wake. Akasema, "Haya, Mwalimu."

Usiku ulipoingia, kelele zikasikika kwenye mlango mkubwa. Msomaji akaliacha gogo akakimbilia huko ili asikose kuona. Nungunungu alikuwa amegeuka ndani, akaja upande wa pili. Mchukuzi alijitupa juu ya gogo peke yake, lakini alikuwa amechelewa; mnyama akalisukuma akatoka kinyumenyume, akamchoma kiganja na muundi wa mguu, kisha akapotea gizani. Na mihogo ya mjane iliendelea kuliwa.

Mzee alimkalisha kijana karibu na taa, akang'oa miiba mmoja mmoja, naye akiuma nguo yake asilie. Alipokwisha akawaambia wote, "Kosa ni langu. Mimi ndimi mkuu wa mawindo. Nilijua nani asimame wapi, nami nikanyamaza." Sisi tulisikia, tukakaa kimya. Tulimwacha mzee apataye miaka 70 na zaidi alibebe kosa letu mbele ya vijana, na asubuhi tukapanda gari kurudi Kirumba tukizungumza habari nyingine.

Mguu wa kijana ukatunga usaha. Alilala wiki 3, na mchukuzi asiyebeba hana ujira. Mama yake, auzaye samaki wa kukaanga, akaja nyumbani kwetu. Tulijua kwamba amekuja kutugombeza, tukajiandaa kwa majibu. Naye akasema, "Mwalimu, nimekuja kuomba radhi. Mwanangu asema alikosa yeye, hakulishika gogo vizuri, akakuharibia mawindo yako."

Wasomaji wetu, maneno ya mama yule yalituvunja. Watu wawili walikuwa wamekwisha kulichukua kosa lile, mmoja hajui kusoma vizuri na mwingine hakupata shule kabisa. Na sisi tuliyeliandika neno lile ubaoni mara nyingi hatukuwa tumeligusa. Tulimwambia yule mama kweli yote pale pale, tukaanza kumpelekea posho hata kijana alipopona. Lakini wenzake walikuwa bado hawajasikia.

Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya darasa, tukawaambia nani aliyembadili mlinzi wa gogo, na kwa nini. Kwamba tulitaka mwanafunzi wetu tumpendaye aonekane, ili na sisi tuonekane. Ulimi ulikuwa mzito. Tulihofu watatudharau, na tusifiche, kijana mmoja alitudharau kweli, akaacha kuja muda wa mwezi mzima. Msomaji wetu alikaa ameinamisha kichwa, hakusema neno. Jioni ile alikwenda kwa mchukuzi na unga na fedha za kazi yake ya siku 2. Hakutuambia yeye, mama ndiye aliyetuambia. Tangu hapo vijana wakaanza kutujia mmoja mmoja nyakati za usiku, wakituambia mambo ambayo katika miaka ile 2 ya mafundisho hawakupata kuyatamka.

Walimu wenzetu huuliza kama basi ni lazima kuwinda. Si lazima. Kuezeka nyumba ya mjane, kuchimba kaburi, kwenda ziwani pamoja na wavuvi, yote yafaa, maadamu ni kazi ambayo mwalimu aweza kushindwa kweli mbele ya vijana wake, na ambayo yuko mwingine aijuaye kumpita. Darasani twalindwa mno: chaki ni yetu na majibu ni yetu. Tena mkumbuke habari ya Mtakatifu Petro kumkana Bwana uani pa Kuhani Mkuu. Mapokeo ya kale yasema kwamba Marko aliandika aliyoyasikia katika mahubiri ya Petro. Ikiwa ni hivyo, basi mtume mwenyewe ndiye aliyeihubiri aibu yake, mbele ya watu waliomwita baba.

Mwaka uliofuata mzee alituita tena, na kibali kingine kilikuwa kimepatikana. Safari hii aliwapanga vijana mwenyewe. Mchukuzi alipewa mlango wa kichuguu, na msomaji aliomba akae nyuma yake. Sisi tulipewa debe la maji. Nungunungu alikamatwa kabla ya usiku wa manane, mkubwa, mwenye kulemea watu wawili kwenye mti. Mzee akakata nyama. Fungu la kwanza la mjane mwenye shamba, kisha la kila kijana, na la kwake akalitwaa mwisho. Tulirudi kijijini kwa mwanga wa mwezi, vijana mbele wakiimba wimbo wa wanunguli waliofundishwa jioni ile, nasi nyuma kabisa na debe letu, mpaka sauti ya mzee ikaita kutoka mbele, "Mwalimu! Maji yako wapi? Watoto wana kiu."