Walimu wa hesabu Mbulu na Hanang, mnaotumia Word ya zamani someni hapa

Wadau, mitihani ikikaribia, steshenari za Katesh, Haydom, Dongobesh na Mbulu mjini hujaa walimu. Flashi moja inazunguka kompyuta tatu. Mwalimu wa hesabu akitaka kuandika kipeuo au sehemu kwenye Word ya zamani, anafungua kidude cha milinganyo kinachoitwa Equation Editor. Hicho ndicho tukiongelee leo.

Faili la kidude hicho liliundwa mwaka 2000, likakaa vilevile miaka 17. Mwaka 2017 wataalamu wa kampuni ya Embedi wakagundua kina tundu, likapewa namba CVE-2017-11882.

Shida yenyewe ni hii. Mlinganyo ndani ya faili unabeba jina la fonti. Programu imelitengea jina hilo nafasi ndogo kwenye memori, ila hailipimi urefu kabla ya kuliandika. Chukulia daftari: safu ya kwanza jina, safu ya pili maelekezo ya kazi inayofuata. Mtu akikuletea jina refu kupita kiasi na wewe ukaandika tu, herufi zinavuka mstari na kufuta maelekezo. Mjanja akizipanga herufi zake vizuri, zilizovuka ndizo zinakuwa maelekezo mapya. Kompyuta inayafuata bila kujua.

Maana yake kufungua faili tu kunatosha. Huombwi hata ruhusa ya makro. Mwizi anaweza kubeba mtihani kabla ya siku yake, alama za wanafunzi, hata neno la siri la barua pepe.

Microsoft walitoa kiraka Novemba 2017, na Januari 2018 wakakiondoa kidude chote. Lakini Mei 2020 serikali ya Marekani ililitaja tundu hili kati ya 10 yaliyotumiwa sana na wahalifu miaka ya 2016 hadi 2019. Kisa? Watu hawafanyi apdeti.

Sasa ufanyeje? Tafuta kwenye kompyuta faili liitwalo EQNEDT32.EXE. Ukilikuta, ujue apdeti ya Januari 2018 haijaingia. Office 2007 na 2010 hazihudumiwi tena, kwa hiyo bora uhame. LibreOffice ni ya bure na ina sehemu yake ya kuandikia milinganyo.

Gharama ni bando la kupakua tu. Mtihani ukivuja, atakayeitwa ofisini ni mwalimu, sio mwenye mashine.

Wenye steshenari, mara ya mwisho mmefanya apdeti lini?