Bastola badala ya kifaa cha umeme: Funzo kwa polisi barabarani

KUMTIA dereva mbaroni huwa hatari zaidi anapokaidi. Aprili 11, 2021, polisi wa Brooklyn Center, jimbo la Minnesota, Marekani, walisimamisha gari la Daunte Wright, 20, wakagundua kulikuwa na agizo akamatwe. Alipojinasua na kurejea garini, afisa Kim Potter alipaza sauti kwamba angetumia kifaa cha umeme, lakini akafyatua bastola, akamuua.

Potter, aliyehudumu miaka 26, alikuwa akimfunza afisa mpya. Kifaa hicho alikibeba upande wa kushoto na bastola kulia, jinsi polisi wafunzwavyo. Mwaka wa 2022, alifungwa miaka miwili.

Kwenye taharuki, mkono hufuata mazoea. Hivyo mafunzo yasiyorudiwarudiwa katikati ya purukushani hayatoshi.