Misuli ya Wazee: Kabla Hujanunua Pakiti ya Unga wa Nguvu

Mama aliyelima na kubeba kuni maisha yake yote anaanza kushika meza ili ainuke. Watoto wanasema ni umri. Kisha anapita mchuuzi na pakiti ya unga wa mitishamba, anaapa kwamba unarudisha misuli, na pesa ya chakula cha wiki inaondoka naye.

Hali hiyo wataalamu huiita sakopenia. Misuli huanza kupungua polepole baada ya miaka 30, na kasi huongezeka baada ya 60. Hatari kubwa ni kuanguka na kuvunjika nyonga. Hapa Langas, kuanzia Kisumu Ndogo hadi Yamumbi, mashamba yamekatwa ploti, maji yako kwa mfereji na boda inamchukua mzee mlangoni. Raha hiyo ameistahili, lakini misuli isiyotumika huisha haraka zaidi.

Unaweza kumpima nyumbani. Mkalishe kwenye kiti kigumu, akunje mikono kifuani, asimame na kuketi mara 5, nawe ukiwa karibu naye asije akaanguka. Akipitisha sekunde 15, au akishindwa bila kutumia mikono, apelekwe kituo cha afya akachunguzwe.

Je, mimea inasaidia? Wachuuzi hawajatunga kila kitu. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, walionyesha kwamba asidi ya ursoliki, iliyo kwenye ganda la tofaa, hukuza misuli. Mwaka 2014 wakaripoti hivyo kuhusu tomatidini, inayotokana na nyanya za kijani. Lakini waliolishwa walikuwa panya. Kwa binadamu kuna urolitini A, ambayo bakteria wa tumboni huitengeneza mtu akila komamanga. Jaribio lililochapishwa mwaka 2022 liliwapa watu 66 wa miaka 65 hadi 90 urolitini A au vidonge visivyo na dawa kwa miezi 4. Misuli ya waliopata urolitini ilichelewa kuchoka, ila umbali waliotembea kwa dakika 6 haukuwa na tofauti ya maana na wa wenzao.

Kiambato chenye ushahidi zaidi tunacho jikoni. Ni lusini, sehemu ya protini inayoiambia misuli ijijenge. Iko kwenye maziwa, mursik, mayai, omena, nyama, maharagwe na ndengu. Mwili wa mzee huitikia protini kwa uzito, kwa hivyo anahitaji zaidi ya kijana: gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Mwenye kilo 60 anahitaji gramu 60 hadi 72. Yai moja lina kama 6, glasi ya maziwa 8, kikombe cha maharagwe yaliyopikwa 15. Chai na mkate asubuhi, kisha ugali na sukuma jioni, havifiki hapo. Mwenye ugonjwa wa figo aulize daktari kwanza.

Hata hivyo chakula peke yake hakitoshi. Katika utafiti wa mwaka 1994 uliofanywa Boston, wazee 100 wa makao, wengi wakiwa na zaidi ya miaka 80, walifuatiliwa kwa wiki 10. Waliofanya mazoezi ya kusukuma uzito kwa miguu waliongeza nguvu zaidi ya maradufu. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata nguvu. Nyumbani, kile kiti cha kupimia kinatosha: asimame na kuketi mara 8 au 10, apumzike, arudie, siku 2 au 3 kwa wiki.

Mzee anayemeza dawa za presha au sukari asiziache kwa sababu ya unga. Manjano kwenye mboga hayana neno, lakini vidonge vya manjano pamoja na dawa ya kuzuia damu kuganda vinaweza kuleta kuvuja damu. Kama pakiti imeshanunuliwa, mwonyeshe mhudumu wa afya ya jamii akija kupima presha.

Na udhaifu unaokuja ghafla, wa upande mmoja wa mwili, au mdomo kupinda, si uzee. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo.