Chai ya Moto, Moshi wa Jikoni na Kazi ya Mtafiti wa Afya

Majani ya chai tunayochemsha kila asubuhi hapa Pwani, mengi hutoka vilima vya Kericho na Bomet, yakashuka hadi mnadani Mombasa. Lakini vilima hivyo vimetoa kitu kingine ambacho hakipigwi mnada, nacho chatuhusu sana: utafiti wa saratani ya umio, yaani ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni.

Naandika haya kwa sababu vijana wetu wakisikia "kazi ya afya" huwaza daktari na muuguzi tu. Iko kazi ya tatu, ya mtafiti wa afya ya umma anayechunguza mazingira. Daktari humuuliza mgonjwa anaumwa na nini. Mtafiti huuliza kwa nini watu wa kijiji hiki wanaugua maradhi haya kuliko wengine: wanapumua nini, wanakunywa nini, wanapikia nini.

Karibu na mji wa Bomet kuna hospitali ya Tenwek, iliyoanza mwaka 1937. Kwa miaka mingi madaktari wake wamepokea watu wasioweza kumeza. Huanza kukwama ugali, kisha uji, mwisho hata maji. Wengi hufika wakati njia imeshaziba, na msaada uliobaki ni kuwekewa kimrija cha waya ili chakula kipite. Kimrija hicho humrudishia mtu tonge lake, lakini saratani haikiondoi. Na si wazee pekee. Mwaka 2010 madaktari wa hapo walichapisha taarifa ya wagonjwa wa miaka 30 na chini ya hapo.

Ndipo daktari wa upasuaji wa Tenwek, Michael Mwachiro, na wenzake wakafanya jambo lililotaka subira. Badala ya kungoja wagonjwa, waliwaendea wanavijiji wasiokuwa na dalili yoyote. Watu 305 walikubali kupimwa kwa kamera nyembamba inayopitishwa kooni. Umio ulinyunyiziwa dawa ya iodini. Sehemu nzima hugeuka rangi ya kahawia, sehemu iliyoanza kuharibika haishiki rangi. Matokeo yalitoka mwaka 2016: asilimia 14.4, karibu mtu mmoja katika kila saba, walikuwa na mabadiliko yanayoweza kugeuka saratani. Nao walikuwa wakilima na kuchuma chai kama kawaida.

Sababu ni nini? Hapa ndipo mtafiti hugeuka mpelelezi. Kwanza ni moshi. Jikoni hupikwa kwa kuni, mara nyingi ndani ya chumba kisicho na pa kutokea hewa. Timu ya Tenwek ilipima mkojo wa wanakijiji kutafuta mabaki ya kemikali za moshi wa kuni, zile zile zinazopatikana katika moshi wa sigara. Pili ni mursik, maziwa ya mgando ya Wakalenjin yanayohifadhiwa kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Utafiti wa mwaka 2013 ulikuta ndani yake asetaldehaidi, kemikali inayohusishwa na saratani. Tatu ni joto la kinywaji.

Kuhusu joto, mtaalamu Diana Menya wa Chuo Kikuu cha Moi na wenzake walilinganisha, kule Eldoret kati ya 2013 na 2018, wagonjwa zaidi ya 400 na watu wengine zaidi ya 400 wasio na saratani hiyo. Waliosema hunywa chai ya moto sana walikuwa na hatari zaidi ya mara tatu. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilikwisha kutangaza kwamba vinywaji vya joto linalozidi nyuzi 65 huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai yenyewe haina kosa, wala kahawa. Kosa ni kuunguza ngozi laini ya ndani kila siku, miaka na miaka, hadi ikose kinga.

Sasa tujitazame. Kahawa chungu ya barazani hutoka kwenye dele lililo juu ya makaa, ikamiminwa kwenye finjani na kunywewa papo hapo. Mama zetu wengi bado wanapikia kuni, vifuu na makumbi, macho mekundu kwa moshi. Hatuna haja ya kuacha kahawa wala chai ya tangawizi. Tuache finjani itulie dakika chache. Mtume (SAW) alikataza kupuliza ndani ya chombo cha kunywea. Basi tukingoja kipoe chenyewe tumepata adabu na afya pamoja. Na jikoni, tutoboe dirisha au tupikie uani. Chakula kikianza kukwama kooni, usingoje wiki zipite, nenda hospitali.

Kwa kijana anayeuliza njia: masomo ya sayansi na hesabu yana nafasi kubwa. Wapo wanaoanza na diploma ya afya ya mazingira katika vyuo vya KMTC, wengine shahada ya afya ya umma. Hapa kwetu Kilifi kuna kituo cha utafiti cha KEMRI na Wellcome tangu 1989, na Chuo Kikuu cha Pwani. Jueni tu kwamba kazi hii haina haraka. Ni kubisha hodi, kuomba ridhaa, kusikiliza, kuandika, na kurudi kuwaeleza watu mlichokipata. Bomet wamepata watu wa kuwaulizia maswali yao. Moshi wa makumbi yetu nao unangoja kijana wa Pwani wa kuupima.