Rangi ya Chumba cha Bi Mkubwa

Tulipomtengenezea Bi Mkubwa chumba hapa Portsmouth, tulibaki na vikopo viwili: rangi ya samli iliyoganda, na rangi ya maziwa yaliyotiwa zafarani. Mume wangu akasema yote mamoja. Si kweli! Dirisha lile latazama kaskazini, jua haliingii, na mwanga wa upande huo una ubuluu. Nikapaka vibao viwili, nikaviegemeza ukutani siku tatu, nikivitazama asubuhi, na usiku taa ikiwaka. Samli mchana ikaingia ukijani, ikapooza. Zafarani, kwa ule wekundu wake kidogo, ikabaki na joto.

Bi Mkubwa, ambaye tangu afike hajasifu kitu, akakigusa kibao: "Hii kama baraza yetu Malindi, alasiri."

Jumamosi tulipaka.