Je, Wajua? Fizikia Imejaa Kindu

Wewe unayeota masta ya fizikia hapo Kindu, sogea nikupe haya!

Je, wajua kuwa Kampene, kwetu hapa Maniema, ni ya 3 duniani kwa radi? Satelaiti zilihesabu miako kama 176 kwa mwaka katika kila kilomita ya mraba. Mwako mmoja hufikia nyuzi 30,000, mara 5 ya joto la uso wa jua! Ukiuona, anza kuhesabu hadi ngurumo isikike: kila sekunde 3 ni kilomita 1. Lakini ukisikia ngurumo tu, ingia ndani haraka.

Wajua kwamba hapo benchi ulipokaa unakimbia? Dunia inakuzungusha kama kilomita 1,670 kwa saa, na sauti yenyewe haifikii kasi hiyo!

Simika kijiti wima uani karibu na tarehe 13 Machi, au 30 Septemba. Jua likifika utosini, tafuta kivuli chake. Hakuna!

Na hebu kunjua kiganja. Karibu kila sekunde, chembe iitwayo muoni inakipenya ikitoka juu angani, nawe husikii kitu. Maisha yake ni sehemu 2.2 za milioni ya sekunde, na wanafunzi wengi wa masta hupewa kazi ya kuyapima maabara.

Sasa bati, lile litokalo katika madini ya kasiterite ya Kalima. Wajua kuwa bati hulia? Chukua kijiti cha bati safi, kikunje polepole karibu na sikio: utasikia kikikwaruza ndani, fuwele zake zinahama. Mimi sichoki kulisimulia hili! Tena lipoze hadi nyuzi 269.5 chini ya sifuri, umeme unapita bila kizuizi hata chembe. Ni maabara ya Kamerlingh Onnes, kule Leiden, iliyoligundua hilo mwaka 1912.

Wajua reakta ya kwanza ya nyuklia Afrika iliwashwa wapi? Kongo! Ni mwaka 1959, Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, kabla hata ya uhuru. Na rekta aliyeipigania, Luc Gillon, alikuwa padri na mwanafizikia.

Wajua pia kuwa lisanse imehama? Zamani ilikuwa gradua miaka 3, kisha lisanse 2. Siku hizi lisanse ndiyo miaka 3, halafu masta 2 yenye krediti 120. Ukijumlisha, miaka ni ileile 5!

La mwisho hili hapa. Abdus Salam wa Pakistani, mshindi wa Nobel ya fizikia 1979, alianzisha kituo cha fizikia huko Trieste, Italia, mwaka 1964, ili vijana wa nchi maskini wasiachwe nyuma. Tangu 2018 kituo hicho kina mwenzake jirani kabisa, Kigali, na masta ya fizikia inafundishwa humo. Kiingereza chako kikoje? Anza kukinoa leo, masomo yote ni kwa lugha hiyo.