Jina Halipo, au Seva Imelemewa?

Vituo vingi vya afya, shule na ofisi za miradi sasa vinatunza orodha za watu kwenye kompyuta. Nyuma ya orodha hizo ipo huduma ambayo watumiaji wengi hawaioni, nayo ni huduma ya majina na saraka. Katika makala hii tunaeleza kinachotokea huduma hiyo inapopungukiwa uwezo, na jinsi programu inavyopaswa kulipokea kosa hilo.

Huduma hii ni nini?

Huduma ya majina hupokea jina na kurudisha kitu chenye jina hilo. DNS, iliyobuniwa mwaka 1983, hupokea jina la tovuti na kurudisha namba ya kompyuta inayoitunza. Saraka hutunza pia maelezo ya mwenye jina: idara yake, neno lake la siri na ruhusa alizopewa. Saraka nyingi za maofisini huulizwa kwa utaratibu uitwao LDAP.

Kwa nini hupungukiwa?

Seva ya saraka ina mipaka kama kompyuta nyingine. Nafasi ya diski hujaa, kumbukumbu ya kufanyia kazi huisha, miunganisho huzidi idadi inayoruhusiwa. Mipaka mingine huwekwa makusudi: Active Directory ya Microsoft, kwa kawaida, hairudishi zaidi ya majina 1,000 kwa ombi moja. Mara nyingi chanzo ni programu yenyewe, inayofungua muunganisho kila inapouliza na kusahau kuufunga.

Hatari iko wapi?

Tuchukue mfano wa karani wa mapokezi anayetafuta jina la mgonjwa. Seva imelemewa, lakini programu inaandika "Hayupo". Karani anafungua faili jipya. Sasa mgonjwa ana mafaili mawili, na onyo kwamba dawa fulani humdhuru limebaki katika lile la zamani.

Hata makampuni makubwa hupatwa na haya. Tarehe 14 Desemba 2020, mfumo wa Google unaogawa nafasi kwa huduma zake ulisoma kimakosa kwamba huduma ya utambulisho wa watumiaji ilikuwa inatumia sifuri, ukaipunguzia mgawo wake. Huduma hiyo ikashindwa kuandika taarifa mpya, na kwa karibu dakika 50 watu duniani kote hawakuweza kuingia katika Gmail na huduma nyingine. Kesho yake, kwa sababu tofauti ya kosa la mpangilio, Gmail ilijibu kwamba baadhi ya anwani hazipo, ilhali zilikuwepo. Jibu la namna hiyo ni zito, kwa maana programu nyingi za kutuma barua hufuta kabisa anwani iliyoambiwa haipo.

Hatua za kuchukua

Tunawashauri mafundi wanaoandika programu wazingatie yafuatayo:

1. Tenganisheni makosa. Katika LDAP, namba 32 maana yake jina halipo. Namba 51 ni seva ina kazi nyingi, na 52 ni haipatikani. Katika DNS, NXDOMAIN ni jina halipo, bali SERVFAIL ni seva imeshindwa kujibu. Wanaotumia Java watakuta JNDI ina kosa la upungufu wa rasilimali, mbali na lile la jina kutopatikana.

2. Subirini kabla ya kurudia. Ngojeni sekunde 1, kisha 2, kisha 4, halafu mkome na kutoa taarifa. Kompyuta 50 zikirudia papo hapo, seva iliyochoka huzidiwa kabisa. Muda wa kungoja utofautiane kidogo kati ya kompyuta na kompyuta.

3. Fungeni kila muunganisho kazi ikiisha, hata pale kazi ilipokatizwa na kosa.

4. Ombeni orodha ndefu kwa kurasa. Mkiomba yote kwa pamoja, mnaweza kupata majina 1,000 ya kwanza pamoja na namba 4, yaani kikomo kimefikiwa. Programu ikiipuuza namba hiyo, waliobaki wote wataonekana hawapo.

5. Msikisie ruhusa. Seva isipojibu, mtu asiruhusiwe kuingia kwa kudhaniwa tu kwamba anastahili.

6. Mwambieni mtumiaji ukweli: "Orodha haipatikani kwa sasa. Usifungue faili jipya. Jaribu tena baadaye." Kituo kiwe na daftari la kuandikia kwa muda, na taarifa ziingizwe mfumo ukirejea.

Kwa wasimamizi wa seva, wekeni tahadhari inayotoa taarifa kabla diski haijajaa, na inapowezekana muwe na seva ya pili yenye nakala ya saraka.

Swali la kuuliza

Viongozi wa vituo si lazima wazijue namba hizi zote. Lakini kabla ya kupokea programu, mwulizeni fundi: "Seva ikilemewa, karani ataona nini?" Kisha mwombeni aizime seva ya majaribio mbele yenu na kutafuta jina mnalojua limo. Programu ikijibu kwamba mtu huyo hayupo, irudisheni ikarekebishwe kabla haijaanza kuhudumia wagonjwa.